Doa la Ukurasa wa Kwanza

Musembi alikuwa amebakiza wiki nne astaafu, na tayari alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa wastaafu wa kupapasa vitu. Alipapasa meza. Alipapasa kiti cha wagonjwa, kile kilichopasuka mgongoni na ambacho yeye mwenyewe alikishona kwa uzi wa viatu mwaka wa El Niño. Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa akikoroga ule uji mzito mweupe wa kubandikia nyaya za kupimia ubongo vichwani mwa wagonjwa, akiwaza kwamba miaka thelathini ni mingi sana kwa mtu kunusa kitu kimoja, aliposikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Bado uko hapa?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cha buluu kichwani, mkono wa kulia umefungwa bendeji toka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kiondo begani. Musembi alikiangalia kiondo kwanza. Mtu aliyelelewa na msusi wa vyondo hawezi kukiacha kipite hivi hivi. Kisha akauangalia uso, na furaha ikampanda kifuani kabla hata jina halijafika.

"Nzisa," akasema. "Nzisa wa Kisilu."

"Na umenikumbuka!"

"Ningekusahau aje?"

Hakuwa anamrairai. Vichwa vilivyopita mikononi mwake vilikuwa maelfu, na vingi vilikuwa vimechanganyikana kama kunde ndani ya gunia, lakini huyu alikuwa amemweka kando miaka ishirini na minane, pamoja na vitu vizuri vichache ambavyo mtu huvitoa mchana akiwa peke yake, akaviangalia, akavirudisha.

Nzisa aliketi, kiondo magotini. Alisema ametoka Mbumbuni jana, akalala kwa dada yake huko Kanyangi. Akauinua mkono wenye bendeji.

"Hii ni uji wa moto. Nilikuwa nakoroga, halafu nikashtukia uko kwa mkono yangu na ngozi inatoka. Sikumbuki nikiumwaga. Na si mara ya kwanza. Daktari Mukami amesema anaweza kunianzishia dawa leo leo, kwa vile nimemweleza. Nimekataa."

"Umekataa? Kwa nini, mwaitu?" Alimwita hivyo, mama, kwa heshima ya Kikamba, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili.

"Sitaki dawa kwanza. Nataka karatasi. Ni karatasi iliniharibia, na ni karatasi itanirekebishia. Sasa nipime. Ikitoka tena ati niko sawa, mimi sikuji hapa tena. Nitakaa na hii kitu yangu mpaka siku itaniangusha kwa moto mzima mzima."

Alilisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana Musembi alimwamini. Akamwuliza karatasi ilimharibia nini, maana yeye kazi yake ilikuwa kupima tu. Majibu yalikuwa yakiwafikia wenyewe kwa bahasha iliyofungwa.

Basi Nzisa akamweleza. Mwaka ule wa tisini na sita alikuwa ameolewa na Nzau miezi saba tu. Alikuwa anaitwa na mama mkwe haitiki. Anaambiwa lete chumvi, anasimama akiukodolea macho ukuta. Baadaye hakumbuki lolote, na akisema hakumbuki anaonekana mwongo. Ndipo wakamleta kupimwa, na majibu yakarudi yameandikwa kwamba kichwa hakina kasoro. Mama mkwe aliibeba ile karatasi mpaka kanisani, na mzee wa kanisa akaisoma mbele ya watu wote: kichwa ni kizima. Kwa hiyo iliyobaki ni jeuri, au ni pepo. Walimwombea Jumapili tatu, ya tatu wanaume wawili wakiwa wamemshika mabega. Hakuna kilichotoka, maana hakikuwemo. Wakamrudisha kwa babake na sanduku lake moja, na tangu siku hiyo ameishi peke yake katika chumba kimoja pale sokoni Mbumbuni, akisuka.

"Pengine hii inanishika kila wiki," akasema. "Sijui. Nikiwa peke yangu nani ataniambia?"

Musembi alichukua kitana akaanza kumpanga nywele.

Sasa, kumbukumbu aliyokuwa nayo yeye kuhusu siku ile ya kwanza ilikuwa nyingine kabisa, na lazima ielezwe, maana ndiyo iliyoleta yote.

Mashine ya wakati huo ililetwa na sista mmoja Mjerumani, nayo ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Ilikuwa na kalamu kumi na sita za wino, na chini yake karatasi ndefu iliyokunjwa kunjwa ikipita ukurasa baada ya ukurasa, kila ukurasa sekunde kumi. Unambandika mgonjwa vikombe vidogo vya chuma kichwani, ule umeme mdogo wa ubongo unapita kwenye nyaya, kalamu zinaandika. Ubongo uliotulia huandika vijiwimbi. Ubongo ulioshikwa na kifafa huandika milima. Karatasi zilitiwa kwenye basi la Nairobi, daktari mmoja huko akazisoma, na majibu yakarudi baada ya wiki mbili au tatu. Vijana wa siku hizi wana kompyuta isiyo na sauti wala harufu. Hawajui raha ya kalamu kumi na sita zikikwaruza kwa pamoja chumba kikiwa kimya. Musembi aliwaambia hivyo kila alipopata nafasi, na wao walipokosa adabu walimwita Mzee wa Makaratasi, kwa sababu alikuwa amekataa katakata karatasi za zamani zichomwe. Zilikuwa bado stoo, nyuma ya chumba cha kufulia. Lakini barua ilikuwa imeshatoka: stoo isafishwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku aliyokuja Nzisa, mama yake Musembi alikuwa na miezi kumi na mmoja kaburini. Wavinya alikuwa msusi hodari, na nyuzi zake za gome la mbuyu alizilainisha kwa kuzitafuna, kama walivyofanya wanawake wote wa umri wake, mpaka midomo ikawa na rangi ya chai ya rangi. Alitafuna akichunga mbuzi, alitafuna akisikiliza redio. Hata kanisani alikuwa na akiba ndogo iliyofichwa shavuni, na mahubiri yakirefuka utaona taya linaanza taratibu, macho yakiwa mbali, mikono imetulia. Musembi alipokuwa mdogo alikuwa akilitazama taya hilo badala ya mhubiri.

Basi siku hiyo Musembi akatoka nje kuita mgonjwa, akakuta kwenye benchi msichana wa miaka kumi na tisa anasuka kiondo cha mbuyu na kutafuna nyuzi. Wasichana wa umri ule walikuwa wamehamia sufi za dukani zamani. Moyo wake ulimruka.

"Tema hizo kwanza," alimwambia wakiingia. Msichana akatema kiganjani, akaona aibu, hajui aweke wapi. Musembi akamtoa aibu: akaupokea ule mtafuno na kuuweka pembeni mwa mashine, juu ya kona ya karatasi. Kwa nusu saa, akibandika nyaya, alimsimulia habari za Wavinya. Msichana akacheka. Wakapatana sana.

Kazi ya mpimaji ni kuangalia mgonjwa na kuandika juu ya karatasi kila anachofanya. Akikohoa, andika. Akitafuna, andika, maana taya likicheza kalamu zote huchafuka, na msomaji wa Nairobi anaziruka kurasa hizo. Kwenye dakika ya saba hivi taya la Nzisa lilianza kwenda, taratibu, macho yakiwa mbali. Alimwita, hakuitika. Musembi alitabasamu. Kumbe na huyu ana akiba shavuni! Hakumkatiza. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika *Anatafuna*, na kwa dakika nzima alimtazama msichana yule na kumwona mamake amekaa pale, mzima, akisikiliza mahubiri. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote za mwaka ule mbaya.

Hiyo ndiyo aliyokuwa ameihifadhi miaka ishirini na minane.

Kipimo cha sasa kilichukua dakika arobaini. Nzisa alipumua kwa nguvu alipoambiwa apumue, akatazama taa inayometameta, akasinzia kidogo. Kwenye kompyuta vijiwimbi vilipita vimetulia, jambo ambalo hutokea mara nyingi hata kwa mwenye kifafa, maana kifafa hakiji kwa miadi.

"Iko nini?" akauliza Nzisa huku akifutwa nywele.

"Daktari ndiye anasoma."

"Nimekuona uso," akasema. Akachukua kiondo chake. Aliambiwa arudi Jumanne inayofuata, na hakusema kama atarudi.

Daktari Mukami alikuwa mwanamke mdogo kutoka Nyeri, mchapakazi, aliyejifunza Kikamba cha salamu na kukitumia bila woga. Alitazama kipimo, akatazama na picha ya kichwa ya Nzisa, ile ya MRI, mashine ya sumaku, iliyopigwa kwingine mwaka uliopita ikaandikwa kwamba hakuna kasoro. Akashusha pumzi.

"Mimi naamini ni kifafa, Mzee Musembi. Lakini hii yote ni clean. Sina kitu cha kumwonyesha."

"Iko nyingine ya zamani," akasema Musembi.

"Si hiyo pia ilikuwa normal?"

"Ilikuwa. Lakini iko. Wacha niitafute."

Aliitafuta siku tatu. Alisema anamsaidia Nzisa, na ilikuwa kweli, ila ukweli mwingine ni kwamba alitaka kuishika tena ile karatasi kabla haijachomwa. Ijumaa mchana akaipata chini ya boksi lililoliwa na mchwa upande mmoja. Jina, tarehe, mwandiko wake wa ujana wenye mikia mirefu. Akaifungua ukurasa wa kwanza, na kwenye kona kulikuwa na doa la kahawia, la duara, lenye ukubwa wa shilingi. Lilikuwa doa la ule mtafuno. Musembi aliligusa kwa kidole, na machozi yakamlengalenga, mtu mzima pale stoo, mzee wa miaka hamsini na tisa.

Akazifungua kurasa akizilaza sakafuni moja baada ya nyingine. Ukurasa wa arobaini na mbili: *Anatafuna*, kwa wino mwekundu, na kalamu zote zimechafuka. Akatabasamu tena, kwa mazoea. Kisha, kwa sababu miaka thelathini ya kazi haikuwa bure, jicho lake likarudi nyuma ukurasa mmoja.

Ukurasa wa arobaini na moja hapakuwa na kutafuna. Taya lilikuwa bado limetulia. Lakini kwenye mistari ya upande wa kushoto tu, pale usawa wa sikio, wimbi lilikuwa limeanza. Dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, kwa mpigo ule ule, sekunde kumi nzima, mpaka likawa milima. Ndipo taya likaanza.

Musembi alikaa chini kwenye sakafu. Alikuwa ameziona karatasi za namna hiyo mamia tangu wakati ule. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeijua. Si kutafuna kulikochafua karatasi. Kifafa ndicho kilichotafuna. Alijaribu kujitetea: alikuwa mgeni kazini, mtu yeyote angedhani ana nyuzi mdomoni. Akaliangalia doa la ukurasa wa kwanza. Nyuzi zilikuwa pale. Yeye mwenyewe alizipokea kwa mkono wake kabla kalamu hazijaanza. Msichana hakuwa na kitu mdomoni, na yeye akamwekea ile akiba ya shavuni ya mamake.

Kulikuwa na pipa la kuchomea taka hatua ishirini kutoka hapo, na moshi ulikuwa ukitoka. Tusimsingizie wema: aliliangalia pipa. Aliwaza hafla yake ya kuaga, mbuzi aliyekwisha kununuliwa, hotuba zitakazosema mikono yake haijawahi kukosea. Aliona aibu kali mpaka masikio yakamwaka. Kisha akaikunja karatasi upya, kwa mikunjo yake ya zamani, akaipeleka kwa daktari.

Mukami aliisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja alikaa. Alifungua ile picha ya kichwa kwenye kompyuta, akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, kwa ndani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kupachunguza. Aliikuza. Akalinganisha kushoto na kulia.

"Ona hapa," akasema. "Hiki kipande kimesinyaa kidogo kuliko mwenzake. Ni kovu. Limekuwa hapa miaka yote. Nilikuwa nimekosa tu mtu wa kuniambia niangalie wapi." Akamtazama. "Jumanne nitamwambia ile karatasi ilisomwa vibaya Nairobi. Hata si uongo. Wewe unastaafu, Mzee."

"Nairobi waliruka kurasa nilizowaambia waruke," akasema Musembi. "Wacha nimwambie mimi."

Jumanne Nzisa alirudi. Alikaa kwenye kiti kile kilichoshonwa, kiondo magotini. Musembi alifunga mlango, akaiweka karatasi mezani, na kwa kuwa alijua akingoja atatoroka, alianza papo hapo, akiyaelekeza maneno yake mezani badala ya kumtazama yeye.

"Karatasi yako imepatikana. Una kifafa, Nzisa, na ulikuwa nacho siku ile, kimeandikwa hapa. Hawakukiona kwa sababu mimi niliandika unatafuna. Hukuwa unatafuna. Nyuzi nilikuwa nimezichukua mimi mwenyewe, hata doa lake hili hapa. Nilimfikiria mama. Nilikuangalia nikamwona yeye, nikafurahi, nikaandika hivyo. Hayo yote yaliyokupata, kanisa, Nzau, ni hilo neno. Ni mkono wangu. Nisamehe."

Kimya. Alingoja. Aliona kimya hicho anakistahili. Mwishowe akainua macho.

Nzisa hakuwa akimtazama. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha, wazi, hayaoni. Na taya lake lilikuwa likienda, taratibu.

Lilikuwa lile lile taya. Kumbukumbu ya zamani ilimjia Musembi mara moja, na kanisa lake na mahubiri yake, nayo ilikuwa tamu vile vile. Aliikataa. Alitazama saa ya ukutani. Alisogeza kiti karibu ili asianguke, na akamtazama Nzisa, Nzisa mwenyewe, kovu dogo kidevuni, mvi mbili kwenye nyusi, mkono huu na mkono ule. Hakuwa amewahi kumtazama mtu vile.

Taya likatulia. Nzisa alimeza mate, akaangalia chumba kana kwamba ameletwa humo sasa hivi. Maneno yalimkawilia, yakaja.

"Ulikuwa... ulikuwa unasema nini? Karatasi imetoka?"

Hakuwa amesikia. Hakuna aliyesikia. Mlango umefungwa, daktari ameshajitolea kusema la Nairobi, na ungamo zima lilikuwa limepotelea hewani kama halijasemwa. Musembi alihisi jinsi ingekuwa rahisi. Imetoka, mwaitu, pongezi. Basi.

Akaushika ukingo wa meza, akaanza upya, toka mwanzo. Safari hii alisema akimtazama usoni, na ilikuwa ngumu mara mbili.

Nzisa alisikiliza mpaka mwisho. Akaligusa doa kwa kidole chake cha mkono mzima. Akalisoma lile neno jekundu.

"Mimi hiyo siku niliipenda," akasema polepole. "Unajua? Huko kwingine kote nilikuwa nasemwa. Hapa mtu alikuwa ananiongelesha vizuri. Nimekuwa nikiikumbuka. Kumbe haukuwa unaniona mimi. Ulikuwa unamwona mamako."

"Ndiyo," akasema Musembi.

Alilia, Nzisa, bila kelele, akijifuta kwa pembe ya kitambaa. Alipomaliza alisukuma karatasi upande wa Musembi.

"Kata hilo neno. Andika la kweli, na uweke jina lako. Nitaipeleka Mbumbuni niisome mwenyewe."

Alilikata. Juu yake akaandika *Kifafa*, akatia sahihi na tarehe. Nzisa aliangalia wino ukikauka. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ndogo, karibu ya aibu.

"Sasa hivi, imenishika, sivyo? Uliniona?"

"Nilikuona."

"Huwa nafanya nini? Hakuna mtu amewahi kuniambia."

Musembi akageuza kiti wakaelekeana.

"Saa nne na dakika kumi na mbili niliinua macho, yako yalikuwa dirishani. Taya lilikuwa limeanza. Mkono wako wa kushoto ulishika kitufe cha sweta ukawa unakizungusha, hivi, pole pole. Wa kulia ulikakamaa. Uso ulipauka kidogo. Hukusema kitu kibaya. Hukumtukana mtu. Kutoka hapo, sekunde hamsini na tano. Halafu ukameza mate, ukarudi."

Nzisa alisikiliza amekaa wima, kama mtu anayeletewa habari za ndugu yake aliyepotea miaka mingi. Alikishika kile kitufe cha sweta, akakizungusha kidogo, kwa makusudi, kuona inavyokuwa.

"Nieleze tena," akasema. "Anzia dirishani."